Breki za Gari la Kumsindikiza Mzee Mikdad

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mhandisi Mikdad Mwinyimvua amestaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alipoingia karakana yetu ya Bagamoyo tulikuwa na magari manne. Anatuachia magari sitini, na mafundi kumi na wanne aliowafundisha mwenyewe.

Wengi tunamjua kwa sheria yake moja. Aliyetengeneza breki lazima apande gari hilo likajaribiwe, na mhandisi akae pembeni yake. Kabla ya hapo hakuna saini. Tumeinung'unikia sana sheria hiyo. Wenye watoto wachanga alituruhusu kwenda kunyonyesha saa nne bila maneno, lakini kwenye breki hakumwonea mtu huruma.

Mwanzo wa sheria hiyo hakuuficha. Mwaka wake wa tano kazini, siku ya kuamkia Idi, kila mtu akiwa na haraka, alisaini pikapu kwa kuambiwa tu kwamba iko tayari. Haikuwa tayari. Kwenye mteremko wa kwenda Miono breki zikakataa, na dereva wake, Bwana Sadallah, akavunjika nyonga. Mpaka leo anatembelea fimbo. Tangu hapo, kila fundi mpya alipelekwa kwanza nyumbani kwa Bwana Sadallah, akampa shikamoo, akasikiliza kisa chote, ndipo akakabidhiwa spana.

Siku ya kumuaga, gari la ofisi la kumsindikiza kwake Kaole lilioshwa, likapambwa maua. Hajra, fundi wa mwisho kufundishwa naye, akakanyaga breki, akaona inazama. Akasema gari halitoki. Meneja akamwambia Kaole si mbali, watu wanangoja, na pilau linapoa. Hajra akajibu kwamba hata Miono haikuwa mbali.

Mzee Mikdad alisikia yote. Alifuta miwani yake, akaita bajaji. Akaondoka na Bwana Sadallah, aliyekuja kumuaga, pembeni yake, fimbo imetokeza nje, na sisi nyuma tukipiga vigelegele.

Mzee wetu, asante kwa ukali wako. Umeturudisha salama kwa watoto wetu. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, na siku za nyumbani zikawe nyepesi kwako na kwa familia yako.

Gari lile limetengenezwa Jumatatu. Hajra amelipanda, mhandisi mpya akiwa pembeni. Breki zinashika.