Mstari wa Pili, Mtu wa Saba

Benchi la mbele ya duka la kinyozi lilikuwa refu kuliko duka lenyewe, na mguu wake mmoja ulisimama juu ya tofali. Waliokaa hapo kila asubuhi walijuana kwa majina ambayo hakuna mzazi aliyeyatoa. Kinyozi aliitwa Wembe, kwa sababu ya ulimi wala si kazi. Fundi redio wa mlango wa pili aliitwa Mawimbi, kwa kuwa kila tatizo la dunia, kuanzia mvua hadi talaka, alilieleza kwa mawimbi. Mwenye Birika alikaa mwisho wa benchi na jiko lake la mkaa, akimimina kahawa na kusikiliza. Wa nne alikuwa Milimita, mchora ramani mstaafu, mtu wa miaka sitini na miwili, mwenye tabia ya kurekebisha maneno ya wenzake kabla hawajayamaliza. Ukimwambia jana, atakuuliza saa ngapi. Asubuhi hiyo hakumrekebisha mtu. Alikaa katikati, magoti pamoja, macho kwenye laptopu iliyokuwa mapajani mwa mpwa wake, binti wa dada yake, mwalimu wa kompyuta chuoni. Ndani ya laptopu hiyo mlikuwa na baba yake.

Au ndivyo ilivyotakiwa.

Kiwanda cha nguo ng'ambo ya reli kilikuwa kinabomolewa. Chama cha watoto wa wafumaji kilikuwa kimepata ruhusa ya kufunga bati kubwa kwenye nguzo ya lango, kwa kumbukumbu ya wafumaji waliofungiwa nje siku ya mgomo, zaidi ya nusu karne iliyopita. Picha ya wafanyakazi ilikuwa moja tu, watu mia moja na kumi wamepangwa mistari mitano kwenye ngazi za kiwanda. Kila familia ilitakiwa kutia alama kwenye uso wa mtu wake. Chama kilimpa mpwa kazi hiyo, naye aliandika programu ya kuifanya. Dereva wa mchapaji angepita saa nne kuchukua nakala ya mwisho, na nakala hiyo ilikuwa ya Milimita. Ilikuwa saa tatu na nusu.

Milimita hakuwa na sura nyingine ya baba yake. Alikuwa wa miaka miwili lango lilipofungwa. Baba aliondoka wiki hiyo hiyo kwenda kutafuta kazi mji mwingine, akaahidi barua, na barua haikuja. Mama aliitunza picha ndani ya karatasi ya nta, na nyumbani kwao ilikuwa mwiko kuigusa kwa kidole. Jasho la kidole hula picha, alisema. Kwa hiyo watu wote walioko humo walitajwa kwa mstari na nafasi. Mstari wa nne, wa kwanza, ndiye aliyetusaidia kubeba kitanda. Mstari wa tatu, wa kumi, alikuwa na deni la sukari mpaka anakufa. Baba yenu ni mstari wa pili, mtu wa saba kutoka kushoto. Macho yalipoanza kumpotea, mama aliyaandika yote hayo kwenye daftari, na daftari hilo lilikuwa sasa mkononi mwa Milimita, ingawa hakulihitaji. Tangu utotoni alimjua mtu wake: kijana mwembamba, kola wazi, kule juu karibu na mlango wa kiwanda, kichwa amekiinamisha kidogo kama anayeitwa na mtu wa pembeni.

Mpwa aliandika mbili, akaandika saba, akabonyeza. Mwanga wa manjano ukatokea kwenye picha. Haukwenda juu. Ulitua chini, kifuani mwa mtu mnene aliyekaa kwenye ngazi za karibu na ardhi, mtu mwenye filimbi shingoni.

Wenye filimbi walikuwa wasimamizi. Hilo hakuna aliyehitaji kuelezwa pale. Ndio waliolifunga lango, na ndio waliopeleka majina ya waliogoma ofisini.

— Rudia, Milimita akasema.

Mpwa akarudia, mpaka mara ya nne. Mwanga ukarudi pale pale, juu ya filimbi.

Wembe alikuwa ameacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa ili aje kuona. Alisema yeye haoni ajabu yoyote, maana wahenga walishamaliza: ukiona vyaelea, vimeundwa. Kitu kinaelea juu ya kifua cha msimamizi, basi kuna mtu amekiunda kielee hapo. Mawimbi akamwambia methali hiyo ni ya vyombo vya majini, na hapa hakuna maji. Kwa maoni yake shida ilikuwa filimbi. Filimbi ni chuma, mwanga wa kompyuta ni umeme, na umeme ukiona chuma hauna subira. Akashauri filimbi ifutwe kwanza kwenye picha, kisha mwanga utajiendea wenyewe kwa mwenyewe.

Mpwa aliwasikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua. Alibadilisha rangi ya alama kutoka manjano kuwa nyekundu, akidhani labda kuna alama mbili na moja haionekani. Ikatokea nyekundu, kifuani pale pale. Akaipunguza picha nusu, akidhani vipimo vimevurugika ilipokuzwa. Ikawa ndogo, na alama ikawa ndogo, na filimbi ikawa ndogo chini yake.

— Chukua kalamu, Wembe akasema. Zungushia kichwa cha mzee, tumalize. Mnyonge hana haki, lakini kalamu anayo.

Mpwa akamweleza, kwa heshima, kwamba tatizo si la nakala ya Mjomba peke yake. Familia arobaini zilishapewa nakala zao tangu jana, na simu zilikuwa zimeanza kuingia tangu alfajiri. Mama mmoja alikuwa ameona alama juu ya kiatu. Mwingine aliona alama juu ya mtu aliyemchukia marehemu mumewe. Kama kosa halijulikani liko wapi, atazungushia wangapi kwa kalamu?

Hapo Mwenye Birika, ambaye huwa hasemi, akasema. Alisema baba yake mwenyewe alifanya kazi kule, kwenye chumba cha kutia nguo rangi, na alimsimulia kwamba wasimamizi hawakuweza kuvumilia mwingine asifiwe. Mfumaji akisifiwa, msimamizi husogea mbele. Inawezekana mpaka leo wanasogea.

Wembe alilipenda hilo, akalikuza. Akataka kujua nani ameitunga hiyo lugha ya kompyuta ambayo mpwa aliitumia kuandika programu yake. Mpwa akasema ni ya kampuni, ya mahesabu na picha, watu wa mbali. Wembe akauliza wazee wa hao watu wa mbali walikuwa wanafanya kazi gani. Mpwa akasema hajui. Basi, Wembe akasema, kesi imekwisha: ni wajukuu wa wasimamizi. Wameitengeneza lugha nzima ili mtu mwenye filimbi ang'ae popote alipo duniani. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa kiko kifuani kabisa, mnakiona.

Benchi likacheka. Mteja mwenye kichwa nusu akacheka pia, kutoka ndani. Milimita hakucheka. Kwa miaka mitatu alikuwa amekwenda kwenye vikao vya chama, akasimama kila mara mtu alipotaka kuongeza jina lisilo na ushahidi, akauliza: imeandikwa wapi? Aliwatoa watu watano kwenye orodha kwa swali hilo. Mmoja wao alitoka akilia. Na sasa kila mtu angepita langoni na kuona kifua cha msimamizi kinawaka, na chini yake jina la baba yake.

Akamuuliza mpwa jambo ambalo hakuna aliyeliuliza asubuhi ile: kuna familia yoyote ambayo haijalalamika?

Mpwa akafikiri. Akafungua simu, akapekua ujumbe. Familia za mstari wa tatu, akasema polepole. Za mstari wa tatu zote zimeshukuru.

— Wa tatu ni wa katikati, Milimita akasema. Picha imepinduka kwenye mhimili wake. Aliye katikati habanduki.

Akamwambia aache picha kwanza. Afungue karatasi tupu humo ndani, nyeupe, kisha aiamuru programu itie alama mstari wa kwanza, nafasi ya kwanza, ili waone inaanzia wapi kuhesabu. Kwenye ofisi ya ramani, alisema, kijana mpya alipoletewa kiwanja cha kupima, kabla ya kugusa kamba aliulizwa jiwe la mwanzo liko wapi. Asipojua, anarudishwa nyumbani. Kipimo kisicho na mwanzo ni porojo yenye tarakimu.

Mpwa akafanya hivyo. Alitarajia alama ikae kona ya juu kushoto. Ikakaa kona ya chini kushoto.

Akajipiga paji la uso kwa kiganja, taratibu. Aliwaeleza kwa maneno mepesi. Ndani ya lugha hiyo kuna mafundi wawili. Fundi mmoja hutafuta nyuso na kuzipanga, naye huhesabu mistari kutoka juu kwenda chini, kama mtu asomaye ukurasa. Fundi wa pili ndiye anayetia mwanga, naye huhesabu kutoka chini kwenda juu, kama mtu ajengaye ukuta. Yeye alichukua namba ya huyu akampa yule bila kuigeuza. Kila fundi alifanya kazi yake sawasawa.

— Kwa hiyo wajukuu wa wasimamizi hawamo, Mawimbi akasema.

— Sijasema hawamo, Wembe akajibu. Nimesema wamejificha.

Mpwa aliongeza mstari mmoja kwenye msimbo, wa kutoa namba kutoka kimo cha picha ili hesabu igeuke. Akabonyeza. Mwanga ukaruka juu, ukakaa kwenye uso wa kijana mwembamba mwenye kola wazi, sawasawa, kuanzia nywele hadi kidevu. Mwenye Birika alimimina kikombe bila kuombwa, akakiweka mbele ya Milimita. Milimita hakukinywa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wembe alimpiga bega, akamwambia mzee wake alikuwa kijana mzuri, sijui yeye sura hii aliitoa wapi.

Ndipo gari la mchapaji likasimama. Dereva alikuwa mtu mzima, mwenye haraka ya kawaida tu, akasalimia benchi lote na kupewa nafasi. Akaomba kuona anachobeba, maana jana alirudishiwa nakala mbili njiani. Mpwa akamwonyesha. Akamweleza na kosa lilivyokuwa, fundi wa juu na fundi wa chini, na jinsi Mjomba alivyolifumania. Dereva akasikiliza vizuri. Akaomba kuona imeandikwa wapi kwamba huyu ndiye, kwa sababu mchapaji anataka kujua ushahidi ni upi. Milimita akampa daftari, ukurasa wazi. Alijivunia kuulizwa hivyo.

Dereva akasoma kwa sauti: mstari wa pili, mtu wa saba kutoka kushoto. Akatazama picha. Akasoma tena.

— Na marehemu mama, akasema, alipohesabu mistari, alianzia juu au alianzia chini?

Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza njia.

Milimita akalichukua daftari, akalipekua. Daftari lilisema kushoto. Kila mahali lilisema kutoka kushoto, kurasa kumi na moja, kwa mwandiko wa mama unaolalia upande. Kuhusu juu na chini halikusema neno. Wala yeye hakumuuliza, miaka yote, kwa kuwa kijana mwembamba alikuwa pale anamsubiri, na kila mtoto wa shule huanza kusoma kutoka juu. Mama hakusoma shule. Alijifunza kuandika ukubwani. Kuhesabu mistari alikujua zamani, kwa sindano za kufumia masweta, na sweta huanzia pindoni.

Yule wa mstari wa nne aliyebeba kitanda. Yule wa mstari wa tatu mwenye deni. Wa mwisho wa waliomo pichani, ambaye angeweza kumwonyesha baba, alizikwa mwaka juzi, na Milimita alikuwa amesimama mazishini bila swali lolote.

Mpwa alikuwa ameinama, midomo yake inahesabu kimyakimya, mstari wa pili kutoka chini, moja, mbili, tatu, akafika saba. Ilikuwa filimbi. Wembe naye alikuwa amefika. Alikuwa amemnyoa Milimita miaka ishirini, akayakunja masikio yake kila mwezi ili apitishe mashine nyuma yake. Alitazama masikio ya yule mtu mnene wa kwenye ngazi. Kisha akatazama kikombe cha Milimita.

— Sema, Milimita akamwambia.

— Kahawa imepoa, Wembe akasema.

Akaingia ndani kwa mteja wake. Mashine ikaanza kulia. Mawimbi alikumbuka kuna redio ya mtu. Dereva akaitazama saa, akasema hana neno, yeye hubeba anachopewa.

— Mpe hiyo ya juu, Milimita akasema.

Mpwa hakusogeza mkono.

— Mpe, mama. Muda umekwisha. Na ile nyingine uifute.

— Hakuna nyingine ya kufuta, Mjomba, akasema. Picha ni moja. Wote wawili wamo.