Amina Mbili za Mwalimu Dionis

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mwalimu Dionis Mbonde anastaafu tarehe 30 Juni. Kazi ya kueleza alichokuwa anafundisha nimepewa mimi, Insiya, mwalimu wa hesabu. Haya, tuvumiliane.

Alitoka Njinjo akiwa kijana mwembamba, akapewa somo la falsafa na dini lililokuwa halitakiwi na mtu hapa chuo chetu cha ualimu. Swali lake lilikuwa moja: anayezama kwenye dhikri na mtawa anayezama kwenye sala ya kimya, je, wanafika mahali pamoja? Wapo wanafalsafa wanaosema ndiyo, kitu ni kimoja, majina tu ndiyo tofauti. Wengine wanasema hapana, malezi ya dini ndiyo yanayoumba kile mtu anachokiona. Mwalimu alikuwa wa kundi la kwanza, na alilitetea mpaka kwenye chai ya saa nne. Maandazi yalipoa mikononi mwetu.

Fahari yake ilikuwa masimulizi mawili ya watu waliozama hivyo. Moja la Bi Kadija, anayeongoza dhikri ya kina mama Kilwa Kivinje, jingine la Sista Agnes wa misheni. Mwalimu aliyaandika, akawa anayasoma darasani kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi walishindwa kutambua lipi la nani. Makofi!

Mwaka jana akawaalika wenyewe waje wasikie. Alipomaliza kusoma, Bi Kadija alimwambia kwa upole tu, "Mwalimu, hilo si langu. Umemwondoa Mtume, na ndiye niliyemwona." Sista naye akauliza Yesu wake kaenda wapi.

Kumbe alikuwa ametoa majina yote. Si kwa hila, jamani, ni adabu yetu huku. Kwenye mikutano tunaambiwa tuombe kila mtu kwa imani yake, tunainamisha vichwa kimya, hakuna jina linalotajwa, hakuna anayeudhika. Mwalimu alidhani anabangua korosho. Sasa hajui alichotupa ni ganda au korosho yenyewe.

Tangu hapo hana raha. Wanafunzi wake wanafundisha hadi Kitomanga na Sudi, na huenda aliwafundisha kosa. Alihamia kundi la pili, akakaa wiki mbili, akarudi: mbona wale wawili, wakisimulia, wote walilia walipofika sehemu ileile? Sasa yuko katikati. Nilimsihi achague upande, angalau kwa ajili ya Mwalimu Sada anayerithi somo. Akasema hawezi. Nami sasa nimechanganyikiwa pamoja naye, na inaniuma kumwona anaondoka hivi.

Kwenye kuagwa kwake ana ombi moja tu: hataki kile kimya chetu. Bi Kadija aombe kwa sauti na amswalie Mtume, kisha Sista Agnes aombe kwa jina la Yesu. Wengine wana wasiwasi. Mimi nitaitikia amina zote mbili, nione kama zitanitoka mahali pamoja.

Mwalimu, ahsante. Tunakuombea afya na pumziko jema Njinjo. Na siku ukifika huko wanakofika wale wawili, usitusimulie kwa adabu. Taja jina.