Mwalimu Ndimu na Maua Yasiyokaa Mezani

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, mtoto wa pili wa dobi aliyefulia nusu ya mtaa na mama aliyeipigia pasi nusu hiyo hiyo. Akiwa na miaka saba alidondoshea juisi ya zambarau shati jeupe la karani wa mahakama. Akapaka sabuni, doa likageuka bluu. Mtoto mwingine angelia. Yeye akakamulia ndimu aone itakuwaje, likawa jekundu. Dada yake mkubwa anasimulia kwamba baba alimzaba kibao kimoja cha sabuni na kingine cha ndimu, kisha akakaa kitako na kusema, "Hebu rudia ile ya bluu."

Sekondari alimaliza 1970, na stashahada ya ualimu wa kemia na biolojia akaipata 1973. Januari iliyofuata aliripoti kufundisha kwenye sekondari ile ile ya wasichana aliyosomea, na hakubanduka hadi alipostaafu 2007. Maabara yake ilikuwa na mabomba manne, moja likiwa na maji. Alitembea na ndimu mkobani, ndiyo maana akaitwa Mwalimu Ndimu, jina ambalo alijifanya halijui. Mwanafunzi akilia hakumpa kitambaa, alimpa kijiko. "Usimwage bure, mwanangu. Lete tupime."

Somo lake lililotia fora lilikuwa la damu. "Maji matupu ukiyatia tone la asidi yanakurupuka," alisema. "Damu ukiitia tone, inajifanya haikusikia. Ina vitu ndani yake vinavyoimeza asidi kimya kimya, na figo zinamalizia kazi. Ndiyo maana mnakula maembe mabichi na bado mko hai. Mkiolewa, tafuteni damu. Maji matupu waachieni wenzenu." Mkuu wa shule alimwita ofisini kuuliza kama hilo limo kwenye mtaala.

Damu yake mwenyewe ilikuja Juni 1979, imevaa suruali yenye matundu. Fundi betri aliitwa kuliamsha lori la shule.

"Nondo wa kwenu wana meno," marehemu alimwambia.

"Nondo gani, mwalimu? Maji ya betri haya."

"Asidi. Njoo maabara nikupake magadi kabla haijafika kwenye nyama."

Hatukuwahi kuambiwa alipakwa wapi. Wiki iliyofuata fundi alirudi na maua ya rangi ya zambarau. Marehemu aliyapokea kwa mikono miwili, akayakatakata, akayachemsha, akayakamulia ndimu.

"Nilileta uyaweke kwenye chupa!"

"Na hii ni nini?" Akamwinulia chupa ya maji mekundu kama soda.

Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979. Kila Desemba fundi alileta maua, na kila Desemba yakaishia kwenye sufuria ya bluu. "Mwaka mmoja tu, bibie, yakae mezani niyatazame." "Mwakani, baba." Wakazeeka hivyo.

Mwaka 2019 figo zilianza kugoma. Daktari, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alikaa kando ya kitanda na majibu ya vipimo mkononi.

"Mwalimu, ile damu inayojifanya haikusikia..."

"Enhe?"

"Sasa imesikia."

Marehemu alimshika mkono. "Umefaulu, mwanangu."

Alimeza vidonge vya magadi, mashine ikamsafisha damu, na tukapewa miaka ambayo hatukuitegemea. Mei 2023 fundi hakungoja Desemba. Aliingia wodini na maua, na kwa kuwa anamjua mkewe, na ndimu mfukoni. Marehemu aliyatazama sana.

"Leo yaache, baba. Yaweke kwenye chupa."

Maneno hayo fundi aliyaomba tangu ujanani. Alipoyapata, alitoka hadi koridoni akashika ukuta. Marehemu alifariki tarehe 2 Juni 2023, maua yakiwa mezani.

Jana mchana fundi aliyarudisha nyumbani akayachemsha mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na kuyaunguza kidogo. Binti yake alimkuta ameinamia sufuria, chozi limeshadondoka ndani. Rangi haikutikisika.

"Mama angesemaje, baba?"

"Angesema halitoshi. Niongeze."

Marehemu ameacha mume, binti mmoja mfamasia, wajukuu watatu, dada mkubwa shahidi wa vibao, na sufuria ya bluu ambayo haijapikiwa chakula tangu inunuliwe.

Apumzike kwa amani. Sisi huku tunaongeza.