Ng'ombe Tisa na Taa ya Njano

Kijiwe cha Siti ya Nyuma kiko ubavuni mwa ghala la pamba mjini Bariadi, na kinaitwa hivyo kwa sababu benchi lake ni siti ya nyuma ya basi lililokufa zamani, likiwa na abiria wengi na breki chache. Tangu soko huria lifungue mlango na magari ya mitumba ya Japani yaanze kuingia kama kumbikumbi, hapo hakuna tena anayebishana habari za mvua. Domitila huinjika birika lake la kahawa saa moja asubuhi, na ikifika saa nne nchi imeshatengenezwa mara mbili na kuharibiwa mara tatu. Asubuhi hiyo ya mwaka tisini na tisa, ikiwa imebaki siku moja msimu wa pamba ufunguliwe, pikapu nyeupe iliingia kutoka barabara ya Nyashimo ikiwa nyekundu kwa vumbi, ikasimama mbele ya kijiwe, ikaanza kutetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Akashuka Danford, pamba zimemjaa puani.

— Mwangaluka!

— Mwangaluka. Zima hilo gari, Danford, linanimwagia kahawa, — Domitila alisema, kalishika birika kwa mikono miwili.

— Nikizima haliwaki tena, mayu, mama yangu. Na mtu wa kampuni anakuja kuliona saa nne.

Danford alichomoa pamba ya tundu la kulia, ile aliyojizibia vumbi la njiani, akaisahau ya kushoto. Wiki sita zilizopita alikuwa ametoa ng'ombe tisa, boma zima, akapewa pikapu hii. Baba yake, mzee Maige wa Mwamapalala, hakumlaani. Alimwuliza tu: "Ng'ombe akifa unakula nyama. Hicho kikifa utakula nini?" Jibu la Danford lilikuwa kampuni ya kununua pamba, inayotafuta gari la kubebea makarani na mizani msimu wote. Leo kampuni ikilikataa, atarudi Mwamapalala kwa miguu, apite mbele ya boma tupu, na mzee yupo mlangoni.

— Eleza ugonjwa, — alisema Spana. Aliitwa Spana kwa sababu alikuwa nayo moja, namba kumi na nne, ya kutengenezea baiskeli. Fundi wa kweli alikuwa msibani Mwanza tangu Jumapili.

— Nikikanyaga mafuta linakwenda, ila kwa unyonge. Nikisimama, sailensa haikai, injini haitulii. Linapanda, linashuka, linataka kukata roho. Halafu kuna hii taa.

Vichwa vitatu vikaingia dirishani kwa pamoja. Kwenye dashibodi, picha ndogo ya njano ilikuwa inawaka, imewakodolea macho.

— Toba! Hilo ni birika, — alisema Komredi, aliyekuwa karani wa ushirika mpaka ushirika ukabaki na mizani bila pamba.

— Birika gani lina mkia? — Spana akabisha. — Hiyo helikopta.

— Mnaona vibaya nyote. — Huyo alikuwa Marcelo, muuza nguo za mitumba, ambaye wote walimwita Transiti. — Huyo ni ng'ombe. Hana kichwa.

Danford akakaa chini. Hakulifikia benchi, alikaa palepale vumbini.

— Wangapi? — aliuliza kwa sauti ndogo.

— Mmoja. Labda wanatoka kwa zamu.

— Acheni kumtisha mtu, — Domitila alisema, akampa kikombe.

— Dawa ni rahisi, — alisema Spana. — Tunatoa balbu. Jicho likizibwa, ugonjwa haujioni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Gari lina guu?

— Lina manne.

— Na kutetemeka je? — Danford aliuliza. — Huyo mtu wa kampuni si kipofu, nkoi, rafiki yangu. Ataketi humo, meno yagongane.

Komredi akakohoa kikao kinyamaze.

— Sikilizeni. Hiyo ni mita. Mjapani hauzi kitu akakiacha. Anauza, lakini anakiangalia. Hiyo ikiwaka, huko kwao imeshaandikwa: Danford amepita Nyashimo, hakufunga mkanda.

— Sikufunga kweli, — Danford alisema, akashtuka.

— Umeona! Na kutetemeka ni kwamba linaitwa, linataka kurudi. Ndiyo soko huria hilo. Ukifungua mlango wa kuingilia, umefungua na wa kutokea. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Nilipe gari jembe?

— Mimi nasema walichosema wahenga. Matumizi ni juu yako.

Transiti alikuwa amenyamaza, na Transiti akinyamaza ujue anapika.

— Mwaka wa sita huu nauza nguo za mitumba, — alianza polepole. — Koti likija na barua mfukoni, aliyelivaa ameshakufa. Sasa niambie, Danford. Siti ya dereva ina tundu?

— Ina tundu dogo. La sigara.

— Basi! Mwenyewe alikuwa mvutaji, akafia humo. Kila ukisimama, anataka kushuka. Anatikisa mlango. Huo ndio mtetemeko mnaouona.

Wote wakarudi nyuma hatua tatu. Domitila alirudi na birika lake. Danford alibaki kinywa wazi: siku mbili alikuwa amelala ndani ya gari hilo akililinda, na usiku mmoja alijigeuza akamwambia mtu "sogea". Katika ujana wake alikuwa utingo wa malori, akafika Kigoma, Kampala na Mombasa, japo miji yote hiyo aliijua kwa harufu tu, maana alikuwa chini ya turubali. Safari zote hizo hakuna aliyemfundisha namna ya kumwomba radhi marehemu Mjapani.

— Afanyeje? — Spana aliuliza, kashika spana yake kama msalaba.

— Mbuzi mweupe. Na mtu wa kumwambia "shuka" kwa Kijapani.

— Kijapani, hapa Bariadi? Na imeshafika saa nne kasorobo!

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Transiti.

Wakati huo akatokea Milembe, mama mtu mzima, anayemletea Domitila maziwa kutoka Mwamapalala. Alitua kibuyu, akaliangalia gari linavyohangaika, akasogea. Kabla hawajamzuia alishaweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayempima ndama homa. Akainama, akasikiliza.

— Anakohoa, — alisema.

— Mayu, ondoka hapo, kuna marehemu!

— Marehemu hakohoi. Huyu anapumulia wapi?

— Gari halipumui, mama, — Komredi alijikaza. — Linakunywa.

— Kinachokohoa kinapumua. Pua yake iko wapi?

Milembe akageuka kumwuliza mwenye gari, akaona kipamba kinachochungulia kwenye tundu lake la kushoto. Aliangalia tu. Na Danford, akiangaliwa hivyo, akajigusa pua, akaikuta pamba aliyoisahau.

Jumatatu, kule Nyashimo, vumbi lilikuwa zito. Alikuwa amefungua boneti, akaona mdomo mweusi wa bomba unavuta hewa ya barabarani, akalionea gari huruma. "Na wewe una pua, ndugu yangu," aliliambia. Akashindilia humo konzi mbili za pamba daraja la kwanza, kwa upendo. Taa iliwaka Jumatano, kwa hiyo hakuunganisha.

— Mungu wangu, — alisema. — Ni mimi.

Akafungua boneti, akaingiza mkono hadi kiwikoni, Spana akamtolea spoku ya baiskeli ya kuivutia pamba. Pamba ikatoka kipande kwa kipande, nyekundu, imebanwa ngumu kama gunzi. Kilipotoka cha mwisho gari likavuta pumzi moja ndefu, likatikisika, likatulia. Sailensa ikakaa. Kahawa ya Domitila nayo ikatulia birikani.

Ila ile taa haikuzimika. Na honi ikalia nyuma yao. Dastan wa kampuni alikuwa ameshafika.

Akaingia kwenye pikapu, akasikiliza injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaiona.

— Hii taa ni ya nini?

Birika, helikopta, mita na marehemu vikakosa msemaji kwa pamoja. Danford alimwona baba yake akilini, kasimama mlangoni.

— Machozi, baba, — alisema Milembe, akibeba kibuyu chake. — Ng'ombe akikabwa, hata ukimtoa kitu kooni, machozi hayakauki siku ileile.

Dastan alimtazama mama yule, akasikiliza injini tena, akacheka.

— Basi kesho saa kumi na mbili asubuhi lipakie mizani. Yakikauka mapema, heri.

Danford alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru kwa Kiswahili na Kisukuma, na angejua Kijapani angeongeza. Dastan alikuwa bado anamkazia macho usoni.

— Na wewe, puani una nini?

Kijiwe kizima kikageukia birika, kila mtu kanyosha kikombe.

— Imekwisha, — alisema Domitila.