Babu wa Fundi Cherehani

Kwenye treni ya asubuhi nilikaa nyuma ya wanawake wawili wasiojuana. Mmoja, fundi cherehani, alisema anakwenda kumwona babu yake mzaa mama.

"Anaumwa?" aliuliza mwenzake, mwalimu mstaafu.

"Alifariki miaka sitini iliyopita, mama. Ndiyo kwanza nimempata."

Babu huyo aliondoka kwenda kujenga reli, akafia hospitali ya mbali, na nyumbani hakuna aliyeambiwa alikozikwa. Kwa miaka minne fundi aliandika barua, akahoji wazee wa ukoo na kupekua madaftari ya makaburi ukurasa kwa ukurasa. Jina la babu lilikuwa limeandikwa vibaya. Alimtambua kwa jina la mke lililoandikwa kando yake, kwa kuwa yeye mwenyewe alirithi jina hilo la bibi yake.

"Mwanangu, una moyo! Mimi ningechoka kwenye barua ya pili."

Mimi huchoka hata kutafuta miwani yangu.

"Wajomba wanataka tumhamishie nyumbani," fundi alisema.

"Mwacheni apumzike na wenzake aliojenga nao reli."

"Na mama yangu je? Alizaliwa baba yake ameshaondoka. Hajawahi kumwamkia hata siku moja."



Treni iliposimama, fundi aliaga. Mwalimu naye akainuka.

"Si ulisema unashuka kituo cha mbele?"

"Nitapanda ya mchana. Twende kwanza tukamsalimie mzee."