Nilionja Jikoni

Mama zangu, shikamooni. Na nyinyi rika langu, hamjambo? Mwasema hamjambo! Haya, hata mimi nilikuwa nikijibu sijambo hivyo hivyo, na huku sijala tangu jana. Ndiyo maana nimeomba kusema kabla ya chakula. Baada ya chakula mtasinzia.

Mwaikumbuka njaa ile ya mahindi ya manjano ya msaada. Wakati huo mume wangu alikuwa ameshafariki, ameniacha na watoto watatu hapa Ganda, na shamba limekauka. Nilikuwa nikisonga sima kidogo, ya kuwatosha watoto tu. Wakiniuliza, "Mama, mbona huli?" nawajibu, "Nimeshiba, nilionja jikoni." Nilionja nini? Moshi!

Ndugu zangu, nawaambia, mwili haukubali kudanganywa. Tumbo likaanza kuchoma kama limekamuliwa ndimu. Kichwa chagonga, moyo waenda mbio nami nimekaa tu. Usingizi ukaniruka, nikawa nakesha nikiwaza kesho watakula nini. Siku moja nilianguka kando ya kisima, ndoo huko, mimi huku.

Nikasema nimerogwa. Nina jirani, mama mtu mzima, mjane kama mimi. Mara kwa mara alikuwa akiniletea bakuli la kunde, nami namjibu mlangoni, "Ahsante mama, tumeshiba." Mwanzo kilikuwa kiburi. Baadaye ikawa hofu: huyu anayenifuatafuata na bakuli ana nini? Nikaamua ndiye mchawi wangu. Kuku wangu watatu nikampelekea mganga. Yeye akala kuku, mimi nikarudi na hirizi, na watoto wakakosa hata yai. Chekeni tu, nami sasa nacheka.

Kilichonigeuza kilitokea mchana mmoja. Nimeshapakua. Binti yangu wa kwanza, wakati huo ana miaka minane, akaitazama sahani, akawatazama wadogo zake, akaisukuma kwao.

"Nimeshiba, mama. Nilionja jikoni."

Jikoni nilikuwa mimi tangu asubuhi. Hakuonja kitu. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka, na bado alikuwa akinitabasamia vile nilivyokuwa nikiwatabasamia wao. Uongo wangu ulikuwa umepata mrithi. Nililia mbele ya watoto, na hata kwenye mazishi ya baba yao sikufanya hivyo.

Nikawachukua wote watatu mpaka kwa jirani. Hata hodi sikupiga vizuri. "Mama, nina njaa," nikamwambia. "Na wanangu wana njaa."

"Kaa kitako, mwanangu," akasema. "Neno hilo nalingoja tangu mvua ilipokatika." Akapakua. Nikala pamoja na wanangu.

Kesho yake akanipeleka zahanati. Muuguzi akanipima presha, akaniuliza, "Una mawazo gani?" Nikataka kusema sina, jirani akanikanyaga mguu! Basi nikasema yote. Presha ilikuwa imepanda, na tumbo, akasema, huenda limeanza vidonda. Akanipa dawa, akanikanya nisikae na njaa wala nisikae na mawazo peke yangu. Tukiwa njiani jirani akaniambia, "Hayo mawili ya mwisho, dawa yake naijua." Akanileta hapa, kwenye kikundi chetu cha kushona makuti.

Mkanisogezea mkeka. Tukishona twazungumza, na sufuria ni moja. Sikupona mara moja, na tembe za presha bado nameza. Lakini usingizi umerudi, wanangu wasema nakoroma. Alhamdulillahi, na wa kanisani mseme amina.

Namshukuru muuguzi yule, nawashukuru nyinyi. Na mama yangu huyo yupo hapa, msigeuke kumtazama. Nilimwomba radhi kwa kumdhania uchawi. Akacheka mpaka leso ikamwanguka. "Ningekuwa mchawi," akasema, "si ningeiroga mvua inyeshe?"

Langu ni hili: mwenye dhiki usimuulize kama amekula, mwekee chakula ukae naye. Nawe mwenye dhiki, sema. Mimi kunyamaza kulikaribia kuniua, na kulikuwa kumeshaanza kwa mwanangu.

Sasa nasikia harufu ya kunde huko nyuma. Anayepakua leo ni binti yangu yule yule. Hebu mwambieni mama yake ana njaa, na yeye mwenyewe aanze kula.