Mkalimani Aliyesimama Bila Kuitwa

Jumapili hii, tarehe 30 Juni 1957, Bwana Projestus Kamugisha anastaafu baada ya kuitumikia mahakama yetu kama mkalimani kwa miaka thelathini na mmoja na ushei. Alianza Jumatatu ya tarehe 3 Mei 1926, akiwa na suruali moja ya kaki na kamusi isiyo na jalada. Sasa anaondoka akiwa na suruali za kutosha. Kamusi ni ile ile.

Alizaliwa Bukoba, enzi za Mjerumani, akasomeshwa na mapadri. Kiingereza alifundishwa na padri Mholanzi ambaye naye alikuwa amejifunza ukubwani. Darasani alikuwa wa kwanza miaka mitatu mfululizo. Alipofika Dar es Salaam, hakimu wake wa kwanza alimsikiliza dakika nzima, kisha akamwuliza kwa adabu anazungumza lugha gani. Bwana Kamugisha anasema siku ile alitamani kurudi Bukoba kwa miguu.

Badala yake alinunua daftari. Kila Kiingereza kilichopita mahakamani alikiandika jinsi kilivyosemwa, nani amekisema, na ametoka wapi. Alikuta Kiingereza cha mahakimu na cha mabaharia, cha makarani wa Kigoa, cha walimu kutoka Nyasa na cha wapishi wa Wazungu. Alikuja hakimu mmoja kutoka Uskochi ambaye kila akikubali jambo alisema "ai". Wazee waliokaa mabenchi ya nyuma walidhani ushahidi unamuuma, wakaanza kumpa pole. Na karani wetu mkuu, Mgoa, kila akimwandikisha shahidi aliuliza kwa Kiingereza cha kwao "jina lako zuri ni nani?" Bwana Kamugisha alitafsiri kama alivyosikia, maana ndiyo kazi. Mama mmoja wa Mbweni akajibu kwamba jina zuri analo moja tu, na jina baya hajawahi kupewa na mtu.

Si siku zote alichekesha. Mwaka 1934 shahidi mmoja alisema alimwona "ndugu yake" akipita. Bwana Kamugisha alitafsiri, kisha akaongeza kwamba kwetu ndugu anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo. Wakili wa upande wa pili alilalamika kwamba mkalimani anatoa ushahidi. Ikaja barua ya onyo: akiongeza tena neno lake mwenyewe mahakamani bila kuulizwa, hana kazi. Aliitia barua ile mfukoni, na kwa miaka kumi na mitano hakuongeza hata neno moja. Alikuwa na mke, Bi. Demetria, na watoto watano, na baadaye kibanja Temeke alichokuwa akikijengea kidogo kidogo. Mwenye mzigo huo hachezi na barua.

Siku tunayoisimulia zaidi hapa kazini ni ya Machi 1949. Mimi, Elinaza Mshana, nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa ukarani, nimekaa meza ya nyuma yake, kwa hiyo nitaisimulia kama nilivyoiona.

Aliletwa kizimbani mtu aitwaye Mwishehe, mkazi wa Mbagala, mtunza ghala wa kampuni moja kando ya Barabara ya Pugu. Maturubai matano mapya yalikuwa hayaonekani ghalani, na funguo alikuwa nazo yeye. Mkewe alikuwa na siku kumi na mbili tangu ajifungue. Mwishehe alikuwa askari wakati wa vita na alifika mpaka Burma, na Kiingereza chake alikiokota huko: kidogo kwa Wanyasa, kidogo kwa askari wa Gold Coast, kidogo kwa Wahindi, na kidogo kwa sajini wake aliyetoka Glasgow. Alikionea fahari kuliko medali zake. Hakimu, Bwana Hallam, ambaye alikuwa na miezi miwili tu nchini, alimwuliza kama anahitaji mkalimani. Mwishehe akajibu kwa Kiingereza, kifua mbele, kwamba hahitaji. Basi Bwana Kamugisha akakaa, akaweka mikono magotini. Kwa kanuni zetu, mkalimani asiyehitajiwa ni sawa na kiti.

Maneno yaliyofuata nayaandika kwa Kiswahili, ila yalisemwa kwa Kiingereza. Shtaka likasomwa. Hakimu akauliza kwa ufupi:

"Wewe hukuyachukua maturubai haya?"

"Yes, sa," akajibu Mwishehe.

Hakimu akaandika. Niliiona kalamu ikienda. Akamtazama tena, akauliza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya:

"Na hutaki kubadili jibu lako?"

"Yes, sa."

Hakimu alingoja jibu jipya, halikuja, akakunja uso kidogo, kama mtu anayeona anafanyiwa mzaha. Kisha akasema kwamba kwa kuwa mshtakiwa amekiri, ataendelea kutoa hukumu. Kulikuwa na kelele za magari nje, nadhani Mwishehe hakulisikia vizuri neno hilo. Alikuwa anatabasamu. Alidhani mambo yamekwisha na anarudi kwa mkewe.

Hapo Bwana Kamugisha akasimama.

"Bwana Hakimu, naomba kusema."

"Sikukuita, Bwana Kamugisha."

"Ni kweli, hukuniita. Naomba kusema juu ya lugha, si juu ya mshtakiwa."

Inspekta aliyeendesha mashtaka naye akasimama, akasema mshtakiwa amekataa mkalimani kwa kinywa chake mwenyewe. Mimi nilikuwa nyuma nikiyaona yasiyoonekana na waliokaa mbele: Bwana Kamugisha alikuwa amekishika kiti chake kwa nyuma kwa mkono mmoja. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Sema, ila kwa ufupi."

"Mtu huyu amesema hakuchukua. Kwetu, mtu akiulizwa 'hukuchukua?' akajibu 'ndiyo', maana yake ni kwamba ndivyo, ni kama ulivyosema, sikuchukua. Anamjibu aliyeuliza. Kwenu mtu hamjibu aliyeuliza, hulijibu jambo lenyewe. Amekwambia hakuchukua, na kwamba hana haja ya kubadili neno. Kilichoandikwa hapo ni kinyume chake."

"Ametangaza mbele yetu kwamba anajua Kiingereza," akasema Inspekta.

"Anakijua. Kimempeleka Burma na kumrudisha mzima. Lakini ni Kiingereza cha huku kwetu."

Hakimu alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta mahali pa kukanyaga, na macho yake yakaniangukia mimi. Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka thelathini na miwili na bado kapera, jambo ambalo mama yangu alilitaja katika kila barua kutoka Upare.

"Bwana Mshana," akasema, "wewe hujaoa?"

"Yes, sir," nikajibu.

"Mkeo anaitwa nani?"

"Sina mke, Bwana Hakimu."

Akamgeukia karani mkuu, Mgoa, mtu aliyezungumza Kiingereza tangu utotoni na aliyevaa tai hata siku za Jumamosi.

"Nawe hujapata kufika London?"

"Yes, sir."

"Uliionaje?"

"Sijafika, bwana."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akanyamazishwa. Hakimu Hallam hakucheka. Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya kile alichokuwa ameandika, akautia saini. Kisha akamwuliza Mwishehe polepole, neno baada ya neno: maturubai uliyachukua au uliyaacha? Tabasamu la Mwishehe lilikuwa limekwisha zamani. Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili.

"Niliyaacha, sa. Yote."

Kesi iliahirishwa kwa siku nne. Siku ya tatu lori la kampuni lilirudi kutoka Kilwa, na maturubai matano yalikuwa juu ya mzigo, yamefungwa kamba vizuri. Dereva, Fransis, alishangaa watu kumtolea macho. Alikuwa amepewa ruhusa na msaidizi wa meneja, na msaidizi alikwenda likizo bila kumwambia mtu. Mwishehe akaachiwa, akarudishwa kazini. Nje ya mlango alimshika Bwana Kamugisha mkono, akashindwa kuuachia.

"Kumbe mie nilikuwa nishafungwa huku nacheka," akamwambia. Walisimama hivyo mpaka mimi nikaona haya kuwatazama.

Inspekta hakuliacha jambo. Alipeleka malalamiko juu, na faili lenye ile barua ya 1934 likaitishwa. Bwana Kamugisha alingoja majibu wiki sita. Bi. Demetria anasema katika wiki hizo mumewe alipalilia tuta la mchicha kila jioni, hata palipokuwa hapana magugu. Yeye alimpelekea chai pale pale bustanini, yenye tangawizi nyingi apendavyo, akarudi ndani.

Majibu yalipokuja yalikuwa mafupi. Hakimu Hallam alikuwa ameandika kurasa tatu za kumtetea, na onyo la pili halikutolewa. Lile la kwanza halikufutwa. Liko katika faili mpaka leo, nami sioni sababu ya kulificha katika siku kama hii.

Baada ya hapo wawili hao walianza kuzungumza wakati wa mapumziko ya mchana. Hakimu alimsimulia kwamba yeye ametoka kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, na alipokwenda London kusomea sheria, wenzake walimcheka kila akifungua mdomo, mpaka akakaa muhula mzima bila kuuliza swali darasani. Bwana Kamugisha akamletea lile daftari. Kutoka katika daftari lile zilitoka kurasa mbili nilizozipiga taipu mwenyewe, ambazo tangu mwaka 1950 kila hakimu mgeni hapa kwetu hupewa kabla hajakaa kitini. Zinasema asiulize swali la kukanusha, kama lile la "hukuchukua?", ikiwa anaweza kuliuliza vinginevyo. Zinasema ndugu si lazima awe wa tumbo moja. Zinasema anayetamka "naja" huku anaondoka hadanganyi, kwani atarudi. Hakuna pahali zinaposema kwamba Kiingereza cha mtu yeyote ni kibovu. Hakimu alitaka kuliweka neno hilo, Bwana Kamugisha akalikataa, wakabishana siku mbili, na neno halikuwekwa.

Hakuwa mtu mwepesi, na wanaofanya kazi naye wanajua. Alisahihisha sarufi za watu hata msibani. Hakuvumilia mtu kuchanganya lugha mbili katika sentensi moja, ingawa yeye akikasirika alichanganya nne. Hakuna aliyewahi kumwazima kalamu akairudisha bila kuhojiwa. Lakini mtu aliyekuja mahakamani amebabaika, hajui asimame wapi, alimkuta Bwana Kamugisha ameshamwendea, na mtu huyo akiwa amemzidi umri, Bwana Kamugisha alikuwa wa kwanza kutamka shikamoo, awe shahidi au mshtakiwa.

Tangu mwaka 1951 anafundisha Kiingereza jioni, Temeke, barazani kwa Bwana Hilal Awadh mwenye duka. Walianza wanafunzi sita, mmoja wao Mwishehe, ambaye hakuja kujifunza bali kubishana. Sasa ni zaidi ya arobaini: madereva, mafundi cherehani, wauguzi, na Badriya, binti wa mwenye duka, ambaye ndiye anayewafundisha wapya. Mwanafunzi akionea haya matamshi yake, Bwana Kamugisha humwambia kwamba hata Hakimu ana kijiji chake. Watatu kati yao ni makarani katika ofisi za mjini. Wawili wanasomea ualimu. Wiki hii ameniambia kwamba kuanzia Julai darasa litakuwa siku nne badala ya mbili, na kwamba anatafuta ubao mkubwa zaidi. Mwenye nao asione haya kuutoa.

Kesi yake ya mwisho ilikuwa Alhamisi iliyopita. Bi. Somoe, ajuza wa Gongo la Mboto, alikuwa akigombania mpaka wa shamba la mihogo. Alizungumza karibu saa nzima, akaeleza nani alipanda nini na mwaka gani, na Bwana Kamugisha akamfuata kifungu kwa kifungu bila kumharakisha. Alipomaliza, bibi alimtazama yeye, si hakimu, akamwuliza: "Mwanangu, maneno yangu yamefika?"

Mkalimani hajibu, hutafsiri. Kwa hiyo akalitafsiri na hilo. Hakimu wetu wa sasa, anayejifunza Kiswahili kwa mwaka wa pili na kukivunja kila siku, akainama mbele, akamwambia bibi kwa Kiswahili chake mwenyewe: "Yamefika, mama. Yote yamefika."

Bwana Kamugisha akafungua mdomo ili atafsiri. Akaona hakuna cha kutafsiri, akakaa.

Kwa niaba ya mahakimu, makarani, matarishi na askari wa mahakama, nakushukuru, Bwana Kamugisha, kwa miaka yote hii, na zaidi kwa ile dakika moja uliyosimama. Tunamshukuru pia Bi. Demetria aliyekutunza. Mwenyezi Mungu akupe afya, akujalie wajukuu wabishi, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe na mtu anayekuelewa.